Ukungu wa demani Sabaki: kumjua ndege kabla hujamwona

Ukitaja ukungu watu wanafikiria Limuru, hakuna anayefikiria Malindi. Na kweli huku mjini, ufuoni, huupati, bahari ina joto usiku kucha na upepo haulali. Lakini njoo daraja la mto Sabaki saa kumi na moja na nusu alfajiri, Septemba hivi au Oktoba, kusi imeshalegea na kaskazi bado haijashika, zile siku wazee wanaziita demani, na usiku wake uwe haukuwa na wingu. Unateremka bondeni na minazi iliyo hatua hamsini mbele yako huioni. Unasikia ng'ombe wa mtu ng'ambo, unasikia maji, na juu ya kichwa chako ndege wanapita wakiitana, hata mmoja humwoni.

Kazi yangu ni kutembeza watu wanaokuja kuangalia ndege, hapa Sabaki, hori ya Mida, na msitu wa Arabuko-Sokoke, na miaka ya mwanzo nikiona ukungu nilikuwa napiga simu hotelini nawaambia wageni wangu laleni tu, tutatoka saa tatu. Sa hivi nafanya kinyume. Asubuhi ya ukungu ndiyo naitafuta, hasa nikiwa na mtu anayejifunza, maana jua likiwaka atakimbilia kuangalia rangi, na rangi kwa ndege wa matopeni ndiyo inayodanganya kuliko kitu chochote. Wengi wao wakishafika huku wamevua zile nguo za arusi, rangi za msimu wa kuzaa, wamebaki kijivu na kahawia, wote sare moja.

Ukungu wenyewe unatokea hivi. Ardhi ya upande wa Jilore na kwenda juu inapoa haraka usiku usio na wingu, na hewa iliyolala juu ya mto na vidimbwi imeshiba mvuke, sasa ikipoa ule mvuke unakuwa vitone vidogo sana vinavyoelea. Upepo kidogo tu unavitawanya, ndo maana kusi ikiwa kali, Juni na Julai, hupati kitu. Na jua likishapanda, saa mbili, saa mbili na nusu, umekwisha, kwa hiyo una kama saa mbili tu za kazi.

Na huu mto ni uleule Athi wa kule karibu na Nairobi, ukishakutana na Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki. Unakuja na udongo wa mashamba ya watu wa bara, wakati wa mvua bahari mpaka Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa mkulima aliyepoteza ule udongo ni msiba, na kwa matumbawe yetu pia si heri. Lakini ukitua pale mto unapoingia baharini, kati ya Malindi na Mambrui, unakuwa matope laini yamejaa minyoo na vijikaa, na hayo matope ndiyo ndege anayafuata kutoka mwisho wa dunia.

Hapo kwenye kufuata ndo napenda kukaa. Demani ni miezi ya kupishana. Kuna pratinkoli wa Madagaska, ndege mdogo wa kahawia mwenye mabawa marefu kama mbayuwayu, huyu anazaa kwao Madagaska halafu anavuka bahari kuja kwetu kuanzia Aprili, anakaa hapa mdomo wa Sabaki msimu wote wa kusi, Septemba anaanza kurudi kuzaa. Wakati huohuo yule anayeondoka kwenda kusini anapishana na wanaoingia kutoka kaskazini. Anayeingia ambaye mimi simchoki ni mdogo mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, vitabu vya Kiingereza vinamwita kalyu sandipaipa, wavuvi kwao ni kitwitwi tu kama kitwitwi wengine. Huyu anazaa kaskazini kabisa ya Siberia, kule Taimyr. Madume hawakai kulea, wakishapanda majike wanaondoka, kwa hiyo ndio wanaotangulia kufika, mwisho wa Julai na Agosti, wengine bado tumbo jekundu. Wanafuata majike. Watoto wanakuja mwisho, Septemba na Oktoba, na wanakuja peke yao, wazazi wameshatangulia zamani, hakuna aliyewaonyesha njia. Mtoto wa miezi miwili mitatu ametoka barafuni, amepita mabara, ametua Sabaki kwenye ukungu, na anajua pa kuchoma mdomo.

Ukitaka kinyume chake nenda Mida, au Lamu kwenye mafungu ya mchanga, utamkuta krabu plova, mweupe na mweusi, mdomo mnene kama wa kuvunjia. Huyu anataga yai moja tu, ndani ya shimo alilochimba mchangani, visiwa vya Somalia na Bahari ya Shamu na Ghuba, na kinda lake anasafiri nalo mpaka hapa kwetu, na hapa bado anamlisha. Utasikia mtoto mkubwa kama mama yake anafuata nyuma analia mluzi mwembamba wa kuomba kaa. Ndege wa tope moja hao, malezi mbali mbali kabisa.

Sasa tuje kwenye kufanya. Cha kwanza ni maji, usitoke nyumbani bila kujua maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yakijaa na kupwa sana, huku kwetu yanajaa kama saa kumi, saa kumi na moja alfajiri, maana yake ukifika kumepambazuka yameanza kupwa, tope linafunuka polepole na ndege wanalifuata mstari wa maji. Hiyo ndiyo siku yako. Unachagua mahali ambapo maji yataondoka, unakaa chini, unatulia, wao watakuja. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, yanajaa asubuhi ya saa nne saa tano hivi, basi wakati wa ukungu wao wametawanyika mbali kwenye tope lililoachwa na wewe unazunguka bure kama mtu anayetafuta sindano. Mvuvi hahitaji apu kujua haya, anaangalia mwezi.

Cha pili ni masikio. Kuna ami mmoja mvuvi, wa Mambrui, alinifunza jambo hili bila kujua kama ananifunza. Nilimkuta anakunja nyavu asubuhi kama hiyo, nikamwamkia.

"Sabalkheri ami."

"Sabalkheri mwanangu. Wageni wako wamefika. Jana usiku wamepita juu ya nyumba yangu, wale wa mluzi."

"Mluzi gani ami, wako wengi."

"Wewe hesabu. Ukifika saba, ndio hao."

Ni sululu. Mdomo mrefu uliopinda kama mundu, na anapoita anarudia sauti moja, ti-ti-ti-ti-ti-ti-ti, haraka haraka, haipandi wala haishuki, mara saba hivi. Chekeamwezi mkubwa wa miguu ya kijani anaita mara tatu, tyu-tyu-tyu, kavu na yenye nguvu. Plova wa kijivu, mdomo mfupi na mdogo kuliko sululu, ana mluzi wa huzuni wenye vipande vitatu, tlii-uu-ii, unashuka katikati halafu unapanda tena, ukiusikia mara moja kwenye ukungu hutausahau. Ukishika hao watatu tu tayari umeshajua nusu ya wanaopita juu yako, na hujafungua hata darubini.

Cha tatu ni mwendo. Ukungu unaondoa rangi, unaondoa madoa, unakuachia kivuli kinachotembea, na kila mmoja ana tembea yake. Kitwitwi wenyewe, wale wa mdomo mfupi, na plova wote wanakimbia, wanasimama ghafla, wanaangalia, wanadona, wanakimbia tena, kwa sababu wanawinda kwa macho. Kalyu sandipaipa na wenzake wenye midomo mirefu wanatembea kichwa chini wanachoma choma tope kama cherehani, kwa sababu wanawinda kwa kupapasa, ncha ya mdomo wao ina hisia. Chekeamwezi mdogo anatikisa mkia hata akiwa amesimama, hawezi kujizuia. Tereki, yule mdomo wake umepinda kwenda juu, anakimbia ameinama mbele, kushoto, kulia, anafukuza kijikaa kama mtu aliyepoteza pesa. Sandalingi anashuka na wimbi na kupanda na wimbi, miguu huioni kwa kasi. Mimi namwambia mtu asiangalie ndege ni wa rangi gani kwa dakika kumi nzima, aniambie tu anafanya nini.

Ukubwa ndio usiuamini. Siku moja nilikuwa na mama mmoja na kijana wake, nikaona kivuli kirefu kimesimama fungu la mchanga, nikawaambia sululu yule, amejikunja tu. Ukungu ukapasuka kidogo, ni plova wa kijivu, tena karibu sana na sisi, si kule mbali nilikodhani. Inatokea hivi: macho yamezoea kwamba kitu kilichofifia kiko mbali, sasa ukungu unafifisha kila kitu, ubongo unakiweka mbali zaidi ya kilipo, na kitu ukikiweka mbali lazima ukione kikubwa. Dawa yake ni kutafuta kipimo, ngoja ndege mwingine unayemjua apite kando yake. Kitwitwi wa mchangani wako wawili, mkubwa na mdogo, na hata jua likiwaka wanasumbua, lakini wakisimama pamoja yule mkubwa miguu yake ni mirefu na ina ukijani kidogo, mdomo mzito mrefu, mdogo mdomo wake mfupi na miguu imekoza. Akisimama mmoja peke yake kwenye ukungu mimi simwiti jina. Naandika "kitwitwi wa mchangani" basi.

Hili la kuandika nalisema kwa uchungu kidogo. Kuna watu wanapenda orodha iwe ndefu, wanajaza. Lakini zile rekodi zinazoingia Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya inayojazwa na waangalizi, na zile hesabu za ndege wa maji za Januari ndizo watu wanazitegemea kusema mdomo wa Sabaki uachwe kama ulivyo, usijengwe, usichimbwe mchanga. Ukitia ndege ambaye hukumwona, siku mtu akija kukagua na akakuta uongo mmoja, na yale mia ya kweli hayataaminiwa. Usiyemjua muandike hujamjua.

Vifaa si vingi. Teleskopu iache nyumbani, ikikuza ndege inakuza na ukungu, unapata picha kubwa ya maziwa. Darubini ya 8, yaani inayokuza mara nane, inatosha na ni bora kuliko ya 10 kwa hali hii. Ukitoka chumba chenye eesii kioo kitapata jasho, usikifute na shati wala leso, hewa yetu ina chumvi na mchanga na utakikwaruza, iache nje ya begi robo saa ipate joto la nje. Na ukirudi usiifungie kwenye begi lenye unyevu, kuvu inaota ndani ya kioo na fundi wa kuitoa huku humpati. Mimi yangu inalala kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Na tafadhali, kiboko. Sabaki kuna viboko na mamba. Kiboko usiku anapanda kula majani na alfajiri anarudi majini, saa ileile yako, na kwenye ukungu hamwonani. Usisimame kwenye njia yake iliyolimika matopeni, usikae kati yake na maji, na usiende bila mtu wa pale anayejua usiku huu wamelala upande gani. Mimi mwenyewe huwa napita kwanza kwa wavuvi, nauliza, ndipo nashuka.

Oktoba iliyopita nilikaa hivyo, bamvua ya mwezi mpevu, nimejifunika kikoi kwa baridi, maji yanaondoka. Wakaja kitwitwi kwanza, halafu wale wa kupapasa, na mmoja akazidi kusogea mpaka akawa hatua sita kutoka mguu wangu. Kalyu sandipaipa, mtoto wa mwaka huo: kila unyoya wa mgongoni umezungushiwa mstari mweupe mwembamba kama magamba ya samaki, kifua kina rangi ya embe dodo lililoanza kuiva, na juu ya mgongo vitone vya ukungu vimekaa, unyoya haujalowana. Alichoma, alitoa mnyoo, ukakatika, akachoma tena palepale akatoa kipande kilichobaki. Nilisikia sauti ya tope likiachia mdomo wake. Nyuma yake nilikuwa nasikia wengine wengi, sikuwaona mpaka saa mbili kasoro, jua lilipopenya upande wa baharini na fungu zima likaonekana limejaa, na wao wakaniona mimi.