Mandhari ya gemu ya uhalifu: maana yake, na jinsi mji unavyochaguliwa

Mandhari ya gemu ni mahali kisa kinapotendeka, enzi ya kisa hicho, na utaratibu wa maisha unaotawala mahali hapo. Katika hadithi ya kuandikwa, mtunzi ndiye anayeamua tuone chumba kipi na mlango upi ubaki umefungwa. Mtengenezaji wa gemu ya dunia huria, ile inayomruhusu mchezaji kwenda popote apendapo, hana mamlaka hayo. Mchezaji anaweza kuiacha misheni katikati, akachukua boda ya mtu pale Wandegeya mjini Kampala, akapanda nayo kilima cha Kololo kuutazama mji, kisha akateremka mpaka Ggaba kutafuta mtumbwi. Popote anapofika lazima akute jambo la kueleweka. Ndiyo maana kuchagua mandhari ya gemu hizi ni kuamua mambo manne kwa mpigo: pesa haramu zinatoka wapi, mhalifu anatorokea wapi, nani anamfukuza, na dunia yenyewe inaishia wapi. Majengo, miti na rangi za magari huja baada ya hayo.

Mijadala mingi kuhusu mji mpya huanza na sura. Mmoja anataka Tokyo kwa sababu ya taa, mwingine Rio kwa sababu ya milima, na sisi wa Uganda tunaitaka Kampala kwa sababu ni kwetu. Sababu hizo zina uzito wake, lakini hazitoshi kubeba gemu ya saa arobaini. Vice City, gemu ya mfululizo wa Grand Theft Auto iliyotoka 2002, ilisimama imara kwa sababu mahali, mwaka na biashara vilishikana: mji ulioigwa Miami, mwaka 1986, kokeini ikiingia kwa boti. Mafia III ya 2016 iliuchukua mji ulioigwa New Orleans na kuuweka mwaka 1968, na ubaguzi wa rangi wa wakati ule ukaingia hadi kwenye hesabu za polisi, kwani katika mtaa wa matajiri huitwa na kufika upesi kuliko katika mtaa wa Weusi. Ondoa mwaka, na biashara inaporomoka pamoja na mtaa wake.

Basi tuijaribu Uganda kwa kipimo hicho. Nchi hii ina enzi moja ambayo uhalifu wake umekamilika kiasi kwamba karibu kila kipande cha gemu kinapatikana humo: miaka ya magendo, chini ya Idi Amin. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa, na maduka na viwanda vyao vikagawiwa watu waliokuwa karibu na utawala. Baada ya muda sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu. Wachache waliotajirika ghafla kwa njia hiyo wakaitwa mafutamingi. Kisha, mwaka 1975, baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa mwaka uliofuata. Mkulima wa Uganda alilipwa kidogo na bodi ya serikali, tena kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani, huku ng'ambo ya mpaka kahawa ileile ikinunuliwa kwa bei nono. Kahawa ikavuka. Ilipita kwa mitumbwi ziwani, na kwa njia za miguu za Mlima Elgon hadi soko la Chepkube upande wa Kenya.

Hapo mtengenezaji wa gemu ana mzigo wenye uzito (gunia la kahawa huhesabiwa kilo 60), ana bei mbili katika pande mbili za mpaka, ana njia ya maji na njia ya mlima, na ana adui mwenye bunduki. Baiskeli za kubeba watu na mizigo zilikuwa zimeshaanza kazi mpakani Busia. Hizo ndizo zilizokuja kuwa boda boda. Mchezaji anaanza na baiskeli na gunia moja, anafika kwenye mtumbwi, anaishia na lori na barua ya afisa mfukoni. Ngazi hiyo ya kupanda haikubuniwa na mtu yeyote. Imo ndani ya historia. Ukiiacha na kuchagua Kampala ya leo bila kuuliza biashara ni ipi, utaishia na magenge ya Miami yaliyovishwa kofia za boda.

Kampala ya leo nayo ina njia yake, ila iko ziwani zaidi kuliko mjini. Sheria ya Uganda inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, na mwaka 2017 wanajeshi waliwekwa ziwani kuisimamia. Kibofu cha hewa cha sangara, yaani bondo, kinauzwa ghali kwa wanunuzi wa Asia. Samaki wachanga, mabondo, boti za usiku na doria ya jeshi: hiyo ni biashara kamili, na inamtoa mchezaji nje ya mitaa ambayo gemu nyingine zimeshaichosha.

Sasa umbali, na hapa ndipo mipango mingi hufia. Kutoka Kampala hadi Jinja ni takriban kilomita 80. Ukiendesha kwa kilomita 100 kwa saa bila kusimama utatumia dakika 48, na hakuna mchezaji atakayevumilia safari hiyo mara mbili. Safari ndefu ya kawaida kati ya misheni inavumilika ikiwa ya dakika nne hivi. Dakika nne kwa mwendo huo ni kilomita 6.7, maana yake barabara imekunjwa, yaani imefupishwa, mara 12. Lakini usiikunje sawasawa kote. Kipande kirefu kinachopita msitu wa Mabira kinaweza kukunjwa mara ishirini na mtu asione, mradi kivuli cha miti kidumu sekunde thelathini au arobaini. Katikati ya mji, ambako watu wanajua kwamba Old Taxi Park na soko la Owino vimekaribiana, usizidishe mara tatu.

Mji wenye vilima una mtego hapa. Ukikunja urefu wa ardhi mara 12 na kuacha kimo cha kilima kama kilivyo, mteremko wa asilimia 10 unakuwa wa asilimia 120, mkali kuliko paa la nyumba, na gari halipandi. Kwa hiyo kimo nacho lazima kipunguzwe, ila kwa uwiano mdogo kuliko urefu, ili macho yaendelee kusema hiki ni kilima. Ukikunja mji mara tatu na kupunguza kimo kwa nusu, barabara ya asilimia 8 inakuwa ya asilimia 12. Gari linapanda, boda inanguruma, na Namirembe inabaki Namirembe.

Vilima vinalipa fadhila kwa namna nyingine. Kompyuta huchora kile tu kinachoonekana, na mji ulio tambarare huonekana wote kwa pamoja hadi mashine inaelemewa. Kilima kinaficha mtaa ulio nyuma yake. Ukiwa bondeni Kisenyi, mashine haina haja ya kuchora Makerere kwa ukamilifu; unapofika kileleni, hapo ndipo inapolipa deni lote, na hapo ndipo penye hatari. San Andreas ya 2004, ya mfululizo uleule wa Vice City, ilitumia ukungu na barabara za kupindapinda kuifanya ramani yake ionekane kubwa kupita ilivyo. Toleo lake jipya la 2021 lilipoondoa ule ukungu, wachezaji waliopanda juu waliona miji yote mitatu kwa mtazamo mmoja, na ukubwa uliowashangaza zamani ukatoweka. Kampala ina ukungu wa asubuhi bondeni, moshi wa mkaa jioni na mvua zinazofunga macho kabisa. Vitumike, kwa sababu ni vya kweli na vinasaidia.

Mipaka ya ramani ni swali ambalo miji mingi ya bara hushindwa kulijibu. Gemu hizi hupenda visiwa kwa sababu bahari haihitaji maelezo. Ukuta usioonekana katikati ya barabara ya lami humkera mchezaji. Uganda ya kati haina bahari, lakini ramani yake inajifunga yenyewe kwa namna nzuri ajabu. Kusini ni Ziwa Nyanza, yaani Viktoria. Mashariki ni Nile inayotoka Jinja na kwenda kaskazini hadi Ziwa Kyoga, ambalo linafunga upande wa juu. Magharibi kuna Mto Katonga na vinamasi vyake vya mafunjo. Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja lake na kuikata barabara ya Kampala kwenda Masaka, kwa hiyo hata mwisho wa barabara upande ule una sababu ambayo kila Mganda anaikumbuka. Anayetaka Busia ndani ya gemu aiweke ng'ambo ya Nile kama eneo la pili, na daraja la Jinja liwe lango lake.

Kuhusu polisi, usiazime mfumo wa Los Angeles wa msururu wa magari na helikopta. Mjini Kampala, bunduki ya kwanza utakayokutana nayo mara nyingi ni ya askari wa kampuni ya ulinzi, mlangoni mwa benki, duka kubwa au kituo cha mafuta. Kisha kuna trafiki mwenye sare nyeupe, halafu kizuizi barabarani. Kwa hiyo kufukuzwa hapa kunapaswa kuwa kufungiwa njia zaidi kuliko kukimbizwa. Jamu ya Jinja Road inamfunga polisi na mhalifu kwa pamoja, na mwenye boda anawaacha wote. Kila steji, yaani kituo wanaposubiri waendesha boda, iwe na macho: ukimgonga mmoja wao, wenzake wanakujia kabla ya polisi kufika. Silaha nazo zifuate mahali. Sleeping Dogs ya 2012, iliyowekwa Hong Kong, ilifanya mapigano ya mikono kuwa kiini chake na bunduki kuwa jambo la nadra, na gemu ikapata ladha yake kutokana na hilo.

Mwaka unaouchagua unaamua pia vitu vidogo vinavyoshikwa kila dakika. Redio ya gari ni mfano mzuri. Vituo vya FM vya watu binafsi vilianza Uganda mwaka 1993. Gemu ya mwaka 1976 ingekuwa na Redio Uganda peke yake, labda na kanda za Kilingala na bendi kama Afrigo, iliyoundwa 1975. Pesa nazo: kabla ya 2009, wakati huduma ya pesa kwa simu ilipoanza nchini, kumpora mtu ni kuchukua noti zake. Baada ya hapo mfuko ni mtupu na pesa zimo kwenye simu yenye namba ya siri, hivyo kinacholengwa kinakuwa kibanda cha wakala. Kamera za polisi zilizoanza kuwekwa mjini mwaka 2018 zinabadilisha tena hesabu ya kutoroka. Chagua mwaka mmoja na uushike. Ukichanganya, mchezaji mzalendo atakukamata ndani ya saa ya kwanza.

Lugha inastahili muda zaidi kuliko inavyopewa. Sokoni Owino watu wapatane bei kwa Kiganda, na kondakta wa teksi, yaani basi dogo la abiria, aite watu kwa Kiganda. Kiswahili kiwe cha mpakani Busia, cha madereva wa malori yanayotoka Mombasa, na cha jeshi na polisi. Kikatiba kimekuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini wazee wengi wa Buganda bado wanakihusisha na askari wa vizuizini na makondo, yaani majambazi wenye silaha, waliovunja milango usiku. Sisi tunaokizungumza kwa mapenzi tunaumia kulisikia hilo, na bado ni kweli kwa enzi hiyo. Katika gemu ya miaka ya sabini, sauti ya Kiswahili gizani inaweza kumwonya mchezaji mapema kuliko king'ora chochote. Ila usikifanye kuwa lugha ya ubaya peke yake. Mfanyabiashara wa Busia na fundi wa Katwe wakizungumze kwa bashasha katika sura hiyohiyo.

Jina halisi au la kubuni? Los Santos na Liberty City, miji ya Grand Theft Auto, ni majina ya kubuni, na hilo huwapa watunzi nafasi ya kusogeza mitaa na kukwepa malalamiko. Malalamiko hayo hutokea kweli: mwaka 2007 Kanisa la Uingereza liliilalamikia Sony kwa gemu yake yenye mapigano ndani ya Kanisa Kuu la Manchester, na Sony ikaomba radhi. Vice City nayo iliondolewa maneno baada ya Wahaiti kulalamika. Kwa Uganda ningependekeza jina la kubuni kwa mji, na mambo mawili yasiguswe kabisa. La kwanza ni makaburi ya Kasubi, ya wafalme wa Buganda, ambayo ni mahali patakatifu na yaliungua 2010. Yasiwe uwanja wa risasi. La pili, genge lisiundwe kwa kabila. Ligawe kwa steji, kwa soko, kwa ufuo wa boti.

Mji ukishachaguliwa, ujaribiwe kabla ya kuchorwa. Chukua barabara kutoka ramani huria za OpenStreetMap na vimo vya ardhi kutoka data ya SRTM, ambayo hupima kila mita 30. Inatosha kwa vilima, lakini mitaro kama Nakivubo haionekani humo, kwa hiyo uichimbe kwa mkono. Jenga maboksi ya kijivu bila rangi wala madirisha, kisha mpe mtu asiyeijua kazi hiyo safari tatu zenye saa: mchana kwa gari, usiku kwa boda, na moja kwa boti. Andika njia aliyopita kila mara. Akirudia barabara ileile katika safari zote za nchi kavu, ramani ina mlango mmoja tu wa kutorokea, na kuongeza majengo hakutasaidia. Ongeza vivuko vingine viwili vya bonde, kimoja kwa boda tu na kimoja kinachofurika Bwaise mvua ikinyesha, halafu umpe jaribio upya.