Je, wajua? Ski ya kujitengenezea haikakamai kwa sababu ya mbao ngumu

Kwa muda mrefu niliamini kwamba anayetaka kujitengenezea ski imara, ule ubao mrefu mwembamba unaofungwa chini ya buti ili kuteleza juu ya theluji, anahitaji mbao ngumu, basi. Ile faibaglasi, kitambaa cha nyuzi za kioo, inayobandikwa juu na chini ya ubao niliichukulia kama vanishi, koti la kuzuia maji tu. Nilikosea, na kosa lenyewe lilianzia kwenye neno.

Kiswahili kinatenganisha mambo mawili ambayo nilikuwa nikiyachanganya: ugumu na ukakamavu. Kitu kigumu hakikwaruziki wala hakibonyei kirahisi. Kitu kilichokakamaa hakipindiki kirahisi. Ski inadai ukakamavu, tena wa kipimo. Ikiwa laini mno katikati, uzito wa mtu hukusanyika chini ya buti na ncha zinabaki zikielea juu ya theluji bila kazi. Ikikakamaa kupita kiasi, haijipindi kuwa upinde inapolazwa ubavu kwenye kona, na kona haikatiki vizuri.

Ukakamavu huo unatoka wapi? Chukua rula ya plastiki. Ishike ikiwa imelala, uipinde: inajikunja bila ubishi. Sasa isimamishe kwa ukingo wake, uipinde kwenda chini: imegoma. Plastiki ni ileile na uzito ni uleule. Kilichobadilika ni kimo cha rula kuelekea upande unaousukuma. Kwa ubao wa kitu kimoja, ukakamavu hufuata unene uliozidishwa wenyewe mara tatu. Ukiongeza unene maradufu, ukakamavu unapanda mara nane.

Sababu yake inaonekana kwa macho kwenye kipande kinene cha sifongo. Chora mistari wima ubavuni mwake, kisha kipinde ncha zielekee chini. Upande wa juu mistari inaachana, maana pale sifongo inavutwa. Upande wa chini inasogeleana, maana pale inabanwa. Katikati kuna mahali ambapo haivutwi wala haibanwi. Kadiri unavyokaribia nyuso mbili za nje ndivyo kazi inavyozidi, na nyama iliyo katikati karibu haina la kufanya zaidi ya kuziweka nyuso hizo mbalimbali.

Hapo ndipo faibaglasi inapoacha kuwa vanishi. Tuseme una kiini cha mbao chenye unene wa milimita 10, na tabaka la faibaglasi la milimita 0.6 juu na jingine kama hilo chini. Ukipiga hesabu kwa vipimo vya kawaida vya mbao nyepesi na faibaglasi, yale matabaka mawili, ambayo kwa jumla ni milimita 1.2 tu, yanatoa karibu nusu ya ukakamavu wote. Lakini chukua faibaglasi hiyohiyo uizike katikati ya ubao: mchango wake unashuka chini ya asilimia 1. Jambo hili bado linanishangaza kila ninapolirudia.

Nisipitilize, maana mbao nazo zinabeba nusu iliyobaki. Hesabu hii imeacha nje kingo za chuma, ambazo zikiwa chini kabisa ya ski huongeza chao, na mbao hutofautiana hata zikitoka kwenye mti mmoja. Lakini tazama uwiano. Ukibadilisha mbao za kiini kwa nyingine zilizokakamaa zaidi kwa asilimia 20, ski nzima inapata kama asilimia 10. Ukiacha mbao zilezile na kuongeza milimita 1 ya unene, unapata takriban robo nzima. Kwa hiyo randa inaamua mengi kuliko duka la mbao. Ukikosea kuranda kwa milimita 0.3 tu, ukakamavu unayumba kwa asilimia 7 au 8, na mguu wa kushoto utabeba ski tofauti na wa kulia. Ndiyo maana watengenezaji huchonga kiini kwa kipimo kikali: milimita 10 hadi 12 chini ya buti, kikipungua polepole hadi kama 2 kwenye ncha, ambako ski hupindika kirahisi mara makumi kuliko katikati.

Yote haya yanasimama juu ya gundi. Shika kitabu kinene chenye jalada laini ukipinde: kinatii, kwa sababu kila karatasi inateleza juu ya mwenzake. Kibane sana pembeni kwa jiriwa, karatasi zisiweze kuteleza, na kitabu kilekile kinakuwa kama kipande cha mti. Epoksi, ndiyo gundi yenyewe, inafanya kazi ya jiriwa kwenye uso wote. Ili ishike kila mahali, ski hubanwa ndani ya kalibu mpaka epoksi ikauke, mara nyingi kwa bomba la kitambaa la zimamoto lililojazwa hewa. Ski yenye urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 10, ikibanwa kwa hewa ya shinikizo mara nne ya angahewa, inakandamizwa kwa uzito wa tani 7 hivi. Fremu ya kalibu lazima ihimili hizo tani.

Kwa maelfu ya miaka ski ilikuwa ubao mmoja mtupu. Ile iliyopatikana Kalvträsk, kaskazini mwa Sweden, mwaka 1924, ina umri wa takriban miaka 5,200. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mmarekani Howard Head, mhandisi wa ndege, alileta kwenye ski wazo la matabaka lililokuwa likitumika kwenye ndege, akitumia aluminiamu badala ya faibaglasi. Za mwanzo zilivunjika, akarudia, mpaka akafika kwenye kiini cha plaiwudi na kingo za chuma.

Kupima ni rahisi. Laza ski juu ya viegemeo viwili, ning'iniza ndoo katikati, mimina lita 10 za maji, ambazo ni kilo 10, kisha pima kwa rula imeshuka kiasi gani kutokana na maji hayo. Uangalifu wote uwe kwenye umbali kati ya viegemeo, kwa sababu nao huzidishwa wenyewe mara tatu: ukikosea kwa asilimia 5, jibu linapotoka kwa asilimia 16. Weka alama kwa penseli, na ski zote mbili zilale palepale.

Ndoo haipimi msokoto. Nyuzi za mbao hukimbia kwa urefu, hivyo kiini peke yake hakizuii sana ncha kujisokota. Kazi hiyo hufanywa na nyuzi za faibaglasi zilizolazwa mshazari kwa pembe ya digrii 45. Bana ski katikati, funga fimbo ikatize ncha yake, ning'iniza uzito upande mmoja wa fimbo, uone inavyozunguka.

Baada ya siku kadhaa kwenye theluji, rudia ndoo. Ikiwa sasa ski inashuka zaidi ya mwanzo, chukua sarafu ugonge uso wake kidogo kidogo kutoka ncha hadi mkia. Palipo pazima panalia mlio mkavu. Palipobanduka sauti inakuwa nzito na butu, na hapo ndani karatasi za kitabu zimeanza tena kuteleza.