Nyumba ya magogo haiishi siku ya kuezeka

Wengi wanaotazama video za watu wakijijengea nyumba ya magogo msituni, Kanada au Finland, hudhani gogo likishalaliwa na mwenzake, ukuta umekwisha. Kilichobaki ni kupigilia dirisha. Sivyo. Ukuta huo utashuka.

Gogo bichi likikauka hupungua unene, lakini urefu wake haubadiliki sana. Magogo yakiwa yamelazwa, kila moja linachangia upungufu wake. Mafundi wa Kanada hukadiria hadi asilimia 6 ya kimo, kwa hiyo ukuta wa mita 2.4 unaweza kushuka karibu sentimita 15, taratibu, kwa miaka kadhaa.

Sasa fikiria fremu ya dirisha iliyopigiliwa misumari kwenye magogo. Ama itaubeba ukuta mzima, magogo ya juu yaachie mwanya wa kupitisha baridi, ama kioo kitapasuka. Ndiyo maana fundi mzoefu huchonga mfuo kwenye ncha za magogo yaliyokatwa pembeni mwa dirisha, akauchomeka ubao unaoteleza humo, na fremu akaifunga kwenye ubao huo tu. Juu ya fremu huacha nafasi, akaijaza sufu ya kondoo na kuifunika kwa ubao. Mgeni huona pambo.

Nguzo, kwa kuwa zimesimama, hazishuki. Chini yake huwekwa jeki ya skrubu, na mwenye nyumba huilegeza kidogo kidogo kadiri kuta zinavyoshuka. Dohani ya mawe nayo haisogei, kwa hiyo paa haliruhusiwi kuegemea hapo.