Si jua la Oktoba, ni kusi iliyolala

Juzi mwaloni hapa Kigoma nimeulizwa tena: "Mtaalamu, maji ya Ziwa Tanganyika yameanza kuwa vuguvugu kwa sababu jua la Oktoba ni kali, au siyo?" Siyo. Nimelijibu swali hili mpaka wenye mitumbwi wananicheka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Juni hadi Agosti mbingu ni nyeupe, jua linawaka kutwa. Kama jua ndilo lenye kauli, Julai tungeogelea kwenye supu. Mbona ndiyo miezi ya maji baridi? Kwa sababu kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma, kavu, na maji yanageuka mvuke. Piga hesabu: milimita moja tu ikigeuka mvuke inaondoka na joto la kutosha kupoza maji ya kina cha mita moja kwa zaidi ya nusu digrii. Milimita moja! Septemba kusi ikilala, matumizi ya joto yanapungua na mapato ya jua yako palepale, kwa hiyo salio linapanda.

Halafu kuna wale wa "Tanganyika inabadilika digrii tatu nne tu, zina nini?" Jamani. Juu ni 24 hadi 28. Huko chini, kina kinakofika mita 1,470, ni 23 na ushei. Katika maji ya digrii 25, digrii moja inabadilisha msongamano, yaani uzito wa maji ya ndoo ileile, takriban mara kumi kuliko katika maji ya digrii 5. Ndiyo maana tabaka la juu linakaa kama mafuta juu ya mchuzi, na virutubisho vya chini, chakula cha chakula cha dagaa, vinabaki hukohuko.

Ukishusha kipimajoto mita 60 leo ukakuta joto, wiki mbili baadaye ukakuta baridi, usilisingizie jua. Kusi ilisukuma maji ya moto kuelekea Bujumbura, kaskazini, ya baridi yakapanda upande wa Mpulungu, kusini. Ikilala, mpaka wa matabaka unabembea, mbembeo mmoja wiki tatu hadi nne.

Nikiri kitu: mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini kwetu, na kugawa hili la jua, lile la upepo, mimi hukadiria tu. Tena nakadiria kwa kipimo cha mita moja chini, ilhali ngozi ya maji inayotoa mvuke haifiki unene wa ukucha.

Anayebisha aje na ndoo alfajiri, siku ya kusi na siku ya shwari. Kahawa nitanunua mimi.