Rangi Iwe ya Mwisho: Nani Akae na Nani Kwenye Tangi la Siklidi

"Fundi, mimi nataka rangi rangi tu," mteja aliniambia, akanionyesha picha saba kwenye simu. Tangi lilikuwa limeshafika sebuleni: sentimita 180 kwa 60 kwa 60, yaani lita 648 kabla hujaweka mawe na mchanga. Kwenye picha kulikuwa na oska, frontosa, Tropheus mweusi mwenye madoa meupe, mbuna wa njano, na vidagaa vitatu ambavyo vingeishia tumboni mwa hao wakubwa kabla ya wiki kuisha. Tukaanza kufuta.

Siklidi ni ukoo wa sato na perege. Kama umewahi kusimama kando ya bwawa la sato siku maji yametulia, umeona dume anavyochimba shimo lake chini na kumtimua kila anayekatiza. Huyo huyo mpunguze awe wa urefu wa kidole, mpake rangi, mlete sebuleni: tabia ni ile ile. Ugomvi wao mwingi ni wa kiwanja, na tangi liwe kubwa namna gani, ukiwauzia samaki wanne kiwanja kimoja watapigana tu.

Oska tulimfuta kwa sababu ya maji. Yeye ni wa Amerika Kusini, kwenye maji laini yenye asidi kidogo, wakati maji ya Ziwa Tanganyika, wanakotoka frontosa na Tropheus, ni magumu na pH yake (kipimo cha asidi) inakaribia 9. Mbuna wa Ziwa Nyasa maji yangemfaa, ila ni mkorofi wa kiwango kingine, na mimi humpa tangi lake na wenzake wengi ili kipigo kigawanyike.

Tukabaki na Tanganyika, na hapo swali langu la kwanza huwa ni chakula. Tropheus hushinda akikwangua mwani kwenye mawe. Utumbo wake ni mrefu, mara kadhaa ya urefu wa mwili, umeumbwa kwa majani majani yanayopita polepole. Mpe nyama, tumbo linaharibika. Hili nililijua kwa kusoma, halafu nikalijua kwa hasara. Nilisafiri siku nne, nikamwachia mdogo wangu Tropheus 18. Akawaonea huruma kwa kula "unga wa kijani" kila siku, akawasagia moyo wa ng'ombe. Niliporudi, watano walikuwa wamejibanza kwenye kona ya juu, matumbo yamejaa, wanahema haraka, na kinyesi kinaning'inia kama uzi mweupe. Wakianza kutoa uzi huo, mara nyingi umechelewa. Nilibaki na saba. Ndiyo maana simchanganyi Tropheus na samaki wanaokula nyama hata kama wote ni wapole siku hiyo: huwezi kulisha sahani mbili ndani ya maji yale yale. Akikaa, akae na kundi la wenzake wasiopungua 15, kwa sababu wakiwa wachache mbabe huchagua mmoja na kumuua. (Halafu yale madoa meupe ni ya utotoni. Tropheus duboisi akikua yanafutika, na wapo wateja wanaoapa kwamba wamebadilishiwa samaki.)

Frontosa ni hadithi nyingine. Ana nundu, ana mistari, anatembea kama mzee wa baraza, na watu humdhania mpole. Ni mpole kweli, mchana. Mwaka wangu wa kwanza niliweka frontosa wawili wa sentimita 15 pamoja na Cyprichromis 12, samaki wembamba wanaoogelea kwa kundi karibu na uso wa maji. Asubuhi moja nikahesabu kumi. Kesho yake tisa. Nikalaumu paka, nikalaumu kifuniko. Siku walipobaki saba niliamka kabla ya alfajiri na tochi: Cyprichromis wamezubaa kwa usingizi, na frontosa anapanda taratibu kutoka chini, mdomo wazi. Huko ziwani ndivyo anavyokula pia. Sikuwa nimechanganya samaki, nilikuwa nimemwekea mtu chakula mezani.

Baada ya chakula nagawa viwanja. Tangi la mteja nililigawa hivi: juu kabisa, Cyprichromis 15, ambao hawana haja na jiwe la mtu. Upande wa kushoto, mlima wa mawe wenye nyufa, na ndani yake jozi moja ya Julidochromis, siklidi wa kuishi kwenye mawe. Jozi moja tu, maana ukiweka aina mbili zinaweza kuzaliana ukapata machotara yasiyo na jina. Kwenye mawe hayo hayo nikaongeza Altolamprologus calvus wawili, samaki bapa kama karata anayejipenyeza kwenye mwanya kutafuta vidudu na vifaranga. Atakula vifaranga wa jirani, nakubali. Bila yeye tangi lingefurika. Kulia ni mchanga mtupu na makombe ya konokono, makao ya Neolamprologus multifasciatus, ambaye hata akikomaa hafiki sentimita 5 na kila mmoja ana kombe lake. Kati ya mawe na makombe niliacha mchanga wazi wa kama sentimita 40. Hiyo ndiyo mipaka, na ina kazi kuliko samaki yeyote niliyemweka.

Brichardi, siklidi mwingine wa Tanganyika, nilimkatalia ingawa kwa mapezi yake hakuna anayemfikia. Watoto wakubwa hubaki nyumbani kusaidia kulinda wadogo zao, ukoo unapanuka, na baada ya muda wengine wote wamesukumwa kwenye kona moja.

Mteja akauliza kuhusu Pundamilia nyererei, yule furu mwekundu wa Ziwa Victoria aliyepewa jina la Mwalimu. Ni mzuri, lakini majike wa furu wanafanana mno, na furu wa aina mbili kwenye tangi moja huchanganyika damu. Kwa samaki ambao ndugu zao wengi walimalizwa na sangara, kuharibu mbegu kwa ajili ya urembo wa sebule naona ni dhambi. Aina moja, tangi moja.

Tangi tuliliacha likizunguka maji wiki sita kabla ya samaki yeyote kuingia. Wa makombe waliingia kwanza, halafu Cyprichromis na calvus. Julidochromis alikuja mwisho kabisa, asije akajitangazia ufalme wa mlima mzima kabla wenzake hawajafika.

Bado nahesabu Cyprichromis kabla taa haijawashwa. Jumamosi walikuwa 15, na jike mmoja alikuwa amevimba kidevu, hataki kula. Ana mayai mdomoni.