Maji ya Moshi Hayatoki Kwenye Theluji

Ukianza kuzungumza na watu wa huku kwetu Moshi kuhusu mabadiliko ya tabianchi, iwe Majengo mjini au Kibosho juu, macho yote yanaelekea kilele cha Kilimanjaro. Theluji inaisha, wanasema, basi na mito itakauka, na mtu mwenye ng'ombe mmoja na migomba michache atafanya nini? Nafanya kazi ya misitu na maji, na swali hili naulizwa mara nyingi kuliko lingine lolote. Nataka nilijibu kwa kirefu, kwa sababu kukata tamaa kwetu kumejengwa juu ya jambo lisilo sahihi.

Kwamba barafu inaisha ni kweli kabisa. Kati ya 1912 na 2000 ilipungua kwa takriban asilimia 80, na imeendelea kupungua. Lakini barafu ile haijawahi kuwa ndiyo inayotunywesha. Hewa ya kule juu ni kavu mno, na sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji. Mito ya Karanga, Weruweru, Kikafu na Rau inalishwa na msitu. Upande huu wa kusini mvua kubwa kabisa hunyesha kwenye mkanda wa msitu, na pale juu, ukungu unapopita, majani na mimea midogo inayoota kwenye magome ya miti huudaka na kuudondosha chini tone kwa tone. Udongo wa msitu unayapokea maji hayo na kuyaachia taratibu mpaka wakati wa kiangazi. Moto ukipita, kama ule wa Oktoba 2020, mlima unapoteza mimea inayodaka ukungu, na hasara hiyo kwa maji yetu ni kubwa kuliko ya kipande cha barafu.

Kwa hiyo mambo yaliyo mikononi mwetu ni mengi, na la kwanza liko jikoni.

Tangu 1941 ulitengwa ukanda wa msitu chini kidogo ya hifadhi, wazee wanauita nusu maili, ili wananchi wapate kuni na majani bila kuingia ndani zaidi. Watu wameongezeka, kuni hazikuongezeka. Mjini tunadhani tumejiepusha na hilo kwa sababu tunatumia mkaa, na mkaa wetu mwingi unatoka nyikani, mbali na macho. Hesabu yake inauma. Tanuri la udongo la kienyeji linakula kilo 5 hadi 10 za mti kutoa kilo 1 ya mkaa. Gunia la kilo 50 lililoegemea ukuta wa jikoni ni kilo 250 mpaka 500 za mti.

Chukua makande, maana ndicho chakula kinachomaliza mkaa kuliko vyote huku kwetu. Ukiyabandika mchana kwenye jiko la mkaa utakuwa unachochea mpaka jioni. Loweka mahindi ya kukoboa na maharage usiku kucha, mwaga yale maji, weka kwenye presha kuka ya umeme, funga mfuniko mpaka ulie, kisha iache ifanye kazi. Chini ya saa nzima yameiva. Kinachowashangaza wengi ni umeme wenyewe: kuka ikishapanda presha hujizima na kujiwasha kwa vipindi, kwa hiyo chungu kimoja kwa kawaida hakizidi nusu uniti. Kwa nyumba ambayo elfu moja inapata uniti 2.8 za LUKU, hiyo haifiki shilingi 200. Linganisha na mkaa unaonunua kwa kopo. Najua kuka yenyewe ni ghali kwa kuanzia, na hapo ndipo vikoba vyetu, vikundi vya kuweka na kukopa, vingesaidia zaidi kuliko vinavyosaidia kununua sare za harusi.

Asiye na umeme au gesi bado ana la kufanya. Kuloweka peke yake kunapunguza sana muda wa motoni. Chungu kilichochemka vizuri ukikifukia kwenye kikapu kilichojazwa nguo kuukuu na blanketi, kinaendelea kuiva bila moto. Jiko banifu nalo linasaidia, mradi lisiwe limepasuka.

Mzazi mwenye mtoto shuleni ana nafasi nyingine. Serikali ilipiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuanzia Januari 2024, na Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034. Kwenye kikao cha wazazi uliza jiko la shule linapikia nini. Swali hilo likitoka kwa wazazi watano linapata jibu.

Sasa twende uani, maana hapa ndipo ninapoumia zaidi nikipita mitaani. Nyumba mpya zinajengwa nzuri, halafu uwanja mzima unapigwa pevingi kutoka ukutani mpaka getini. Mvua ya masika ikishuka haina pa kuingia. Inakimbilia barabarani, inabeba taka, inaziba mtaro na kumfurikia jirani wa chini. Wiki mbili baadaye mwenye nyumba ananunua maji ya boza. Acha walau ukanda wa udongo kando ya ukuta, panda majani, elekeza maji yaishie hapo.

Na paa lenyewe ni kisima. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20, hiyo ni lita 1,200, na ukitoa zinazopotea unabaki na karibu lita 1,000 kwa mvua moja. Maji ya kwanza yana vumbi na kinyesi cha ndege, kwa hiyo bomba la kuingilia kwenye simtanki lipate tawi moja linaloshuka chini, lenye kifuniko mwishoni. Tawi hilo likishajaa uchafu, maji safi yanapita juu yake na kuingia kwenye tangi. Mvua ikikatika unafungua kifuniko na kumwaga.

Kwa wenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, sina jipya la kufundisha, nina ombi tu. Miti ya mruka, mringaringa na msesewe juu, migomba katikati, kahawa na magimbi chini: mpangilio huu ni kazi ya vizazi, na unafanya yale yale yafanywayo na msitu. Mruka unarutubisha udongo na kuipoza kahawa, na kahawa inahitaji baridi hiyo. Utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu kahawa ya arabika ya Tanzania ulionyesha kwamba joto la usiku likipanda kwa nyuzi 1, mavuno hupungua kilo 137 hivi kwa hekta. Mruka unaouzwa mbao leo kwa ajili ya ada, mwenzake atachukua miaka kurudisha kivuli kile. Ikibidi kukata, uliopandwa uwe umeshasimama. Mgomba uliozaa ukatwe vipande na kulazwa chini ya mingine, na maganda ya jikoni yaende kwenye mboji. Yakirundikwa dampo yanaoza bila hewa na kutoa methani.

Kuhusu kupanda miti, tunapenda siku ya kupanda kuliko miezi inayofuata. Mche unakufa kati ya Juni na Septemba. Kata kitako cha chupa ya lita moja na nusu, toboa kifuniko tundu la sindano, ichomeke kichwa chini kando ya mizizi na uijaze maji kila inapokauka. Na mkaratusi usiupeleke kwenye chemchemi, unakunywa mno. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na tunajua wote nani analima mpaka ukingoni.

Hilo ndilo la kupeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kijiji kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo: za kingo za mito, za ukataji, za siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kusafisha mifongo, ile mifereji yetu ya asili. Mkutano ukiitishwa, nenda na hoja moja iliyoandikwa na uombe iingie kwenye muhtasari, maana isiyoandikwa haifuatiliwi. Ukiona moshi msituni usisubiri mkutano, piga zimamoto 114 na umjulishe mwenyekiti wako.

Vuli huanza Oktoba. Septemba ni mwezi wa kusafisha gata, kuchimba mashimo ya miche na kuziba nyufa za tangi.