Mtoto hajaanza kuongea, nisubiri au nimpeleke akapimwe? Maswali na majibu

Mwanangu ana mwaka na nusu, neno lake ni "baba" tu. Kila mtu ananiambia nimwache ataongea tu. Nisubiri?

Kabla hatujahesabu maneno niambie kwanza, anakuelewa? Ukimwambia "lete kiatu" bila kumwonyesha kwa mkono anaenda kukileta? Akitaka kitu anakinyooshea kidole alafu anakuangalia usoni kama umeona? Kuelewa kunatangulia kusema, kwaiyo mtoto anayeelewa vizuri na anajieleza kwa ishara huyo ana dalili nzuri hata kama mdomo bado, ila yule ambaye hasemi, haelewi na wala hanyooshi kidole, huyo usimkalishe nyumbani hata kidogo. Kuhusu kusubiri mimi sikubaliani nako. Ni kweli wapo wanaochelewa alafu wanafunguka wenyewe, lakini hakuna bibi wala jirani anayeweza kumwangalia mtoto akajua kwamba huyu ni wa kundi hilo. Akipimwa akakutwa yuko sawa umepoteza nini? Nusu siku tu.

Kwani kawaida inakuaje?

Miezi 2 hadi 3 anaanza zile sauti za "aguu aguu". Kati ya miezi 6 na 9 ni "bababa" na "mamama" (hapo bado hajakuita, samahani kwa mlioshangilia). Karibu na mwaka 1 linakuja neno la kwanza lenye maana. Akifika miaka 2 wengi wana maneno kama 50 na wanaunganisha mawili, "baba njoo", "taka maji". Miaka 3 anatoa sentensi fupi na hata mgeni anamuelewa sehemu kubwa.

Watoto wanatofautiana, ndio, ila kuna mistari ambayo ikivukwa usikae. Miezi 12 hatoi sauti za kubwabwaja wala haonyeshi kwa kidole. Miezi 18 hana neno. Miaka 2 haunganishi maneno mawili ya kwake mwenyewe, maana kukariri kama kasuku alichosikia kwenye tivii hatuhesabu. Na kubwa kuliko yote ni mtoto aliyekuwa anasema maneno alafu akaacha, huyo kwa umri wowote ule mpeleke sasa hivi.

Wameniambia ana udata, akikatwa ataongea. Kweli?

Udata ni ule utando wa chini ya ulimi ukiwa mfupi au umebana. Unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na kwa baadhi unaharibu matamshi kidogo, lakini haumzuii mtoto kuwa na maneno. Yaani mwenye udata angeongea, labda asingesikika vizuri, ila asingekaa kimya. Kwaiyo kama mtoto hasemi kabisa na wewe umemkata ulimi ukatulia, tatizo lenyewe bado lipo palepale na miezi inakatika. Na kukatwa na mtu yeyote tu kwa wembe ni kutafuta damu isiyokata na maambukizi, tafadhali.

Nilienda kliniki wakasema tuanze na masikio, mbona mlango ukigongwa anageuka?

Walifanya sawa kabisa. Kugeuka mlango ukigongwa maana yake anasikia mlango, basi. Usemi una sauti nyembamba, s, f, t, k, na mtoto anaweza kuzikosa hizo huku anasikia mbwa akibweka na muziki vizuri tu. Fikiria watu wanaongea chumba cha pili, unajua kuna watu wanaongea ila hushiki wanasema nini, sasa mtoto anayesikia hivyo kila siku atajifunza maneno wapi? Na kuna hili linalopita bila wazazi kujua, baada ya mafua maji yanabaki nyuma ya ngoma ya sikio, hakuna usaha, mara nyingi hakuna hata maumivu, mtoto anakuwa kama kaziba masikio kwa pamba wiki nzima au miezi, yanakauka yanarudi. Wewe unaona ni mkaidi haitiki. Kipimo kinafanyika umri wowote, hata kichanga akiwa amelala, kwaiyo usikubali kuambiwa ni mdogo mno.

Nyumbani tunaongea lugha mbili, tumemchanganya?

Hapana. Lugha mbili hazisababishi tatizo la usemi. Ila ukihesabu maneno hesabu ya lugha zote kwa pamoja. Ongea naye lugha unayoijua vizuri, usiache ya kwako ukaanza kumwongelesha ya kuungaunga.

Na simu na katuni?

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Katuni inaongea lakini haimsubiri ajibu, na haijui kama ameelewa.

Kwenye tiba ya usemi wanafanya nini? Mbona naona wanacheza tu?

Kucheza ndio tiba yenyewe. Mtaalamu anatafuta kitu mtoto anachokipenda, anafanya mtoto awe na sababu ya kuomba, alafu anasubiri. Ila yeye anakaa na mtoto muda mfupi, wewe unakaa naye siku nzima, kwaiyo kazi kubwa ni yako. Unapomvalisha sema unachofanya kwa maneno mafupi, "mkono, ingiza mkono". Akisema "gari" wewe ongeza kidogo, "gari kubwa". Ukimuuliza kitu hesabu mpaka 5 kimoyomoyo kabla hujarudia, utashangaa hizo sekunde zilivyo ndefu na wengi wetu hatuzitoi. Na ile ya "sema maji! sema kwanza ndo nikupe!" acha, mtoto anaona kuongea ni mtihani.

Ana miaka 3 kaanza kigugumizi ghafla.

Kati ya miaka 2 na 5 inatokea kwa wengi na wengi inaisha. Usimmalizie neno, usimwambie "vuta pumzi kwanza", msikilize anachosema na wewe punguza spidi ya kuongea. Ikipita miezi 6, au anakunja uso na kufinya macho kulitoa neno, au kuna ndugu wana kigugumizi mpaka ukubwani, muone mtaalamu.

Huyo huyo anasema "gali".

Mwache. R inachelewa kwa watoto wengi tu, wewe mjibu "ee, gari jekundu" muendelee na mchezo.